Kabla ya kapu la mtandaoni, tupeni kivuli

Ni mahali pachache Kenya ambako chakula kisicho na nyama, maziwa wala yai kimegawiwa watu wengi, kwa mpango na kwa miaka mingi, kama hapa Turkana, Kakuma. Tangu kambi hii ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, umekuwa kwa sehemu kubwa nafaka, mbaazi za manjano zilizopasuliwa, mafuta ya kupikia na chumvi. Magunia hushushwa bandarini Mombasa, yakapakiwa kwenye malori na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,200 hadi kwenye vumbi la ukingo wa mto Tarach. Nani amewahi kuuita mgao huo lishe ya mimea? Umeitwa msaada, na waliouzoea hawakuuchagua.

Agosti 2015 ukaja mpango wa Bamba Chakula. Sehemu ya mgao ikaanza kuingia kwenye laini ya simu, na mkimbizi akaenda kununua chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa humo humo kambini. Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa mwaka uliofuata, ulifika wakati ambapo kila mtu alikuwa akipokea shilingi 1,400 kwa mwezi. Mama ambaye kwa miaka alipewa mbaazi tu sasa aliweza kusimama mbele ya kibanda akasema anataka sukuma, nyanya mbili na kitunguu. Wakati huo wakazi wengi wa Nairobi walikuwa hawajawahi kuagiza hata nyanya moja kwa simu. Naanzia hapa kwa sababu nimechoka kusikia kwamba Turkana inasubiri kufundishwa biashara ya chakula cha simu na watu wa mjini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lodwar, binti wa mfugaji wa Loima, na Msabato niliyeacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwetu jambo hili si dogo. Baba yangu ni mtu wa mbuzi na ngamia. Aliponiona nakataa supu nyumbani kwake aliniita pembeni akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa na hutaki kutuambia?" Nilimweleza, akasikiliza hadi mwisho, akasema ni sawa mradi nisimfundishe mama kukataa maziwa. Nimelishika neno lake, na nitalirudia mbele, maana lina hekima ambayo siikuti katika matangazo ya chakula cha mimea.

Wenzangu walioko Nairobi hunitumia picha za makapu wanayoletewa mlangoni: mboga za mashamba yasiyotumia dawa, maziwa ya lozi, tofu, vyote katika karatasi na vikapu badala ya plastiki. Huduma kama Greenspoon zimewazoesha kuagiza leo na kula kesho wakijua shamba kilikotoka chakula. Nawafurahia. Wanaponiambia kwamba Lodwar nayo inahitaji huduma ya namna hiyo, nakubali nusu ya hoja. Huduma tunaihitaji. Ila kinachokosekana kwetu si programu ya simu wala kifungashio kizuri. Kinachokosekana ni ubaridi, na uhuru wa kutembea na kutumia simu kwa wale wanaoilima mboga yenyewe.

Acha nieleze tunavyoagiza sasa.

Tuna kikundi cha WhatsApp: walimu, wauguzi, mafundi wa sola, na mpishi wa hoteli ndogo karibu na stendi. Jumatano jioni mama mmoja Mkongo aliyeko Kakuma hututumia ujumbe wa sauti, maana kuandika kunamchelewesha. "Mwalimu, lengalenga iko, matembele iko, bamia bado kidogo." Kila mtu anataja mafungu yake. Pesa inatumwa kwa M-Pesa, na ya kutolea juu. Alhamisi hathubutu kuvuna, hata ukimbembeleza. Anavuna Ijumaa alfajiri, jua halijatoka, kwa sababu jani likichumwa jua limeshapanda linakuwa limepoteza maji yake na hakuna njia ya kuyarudisha. Anayapanga mafungu wima ndani ya kreti, mashina chini, bila kuyabana, kisha anafunika kwa gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Kukamua huko ndiko kuna ujuzi wote. Gunia likidondosha maji, majani ya katikati yanapata joto na kuanza kuoza kabla hayajafika nusu ya njia. Likiwa kavu, upepo wa dirishani unayageuza kuwa karatasi.

Kreti inawekwa nyuma ya Probox. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni takriban kilomita 120, na tangu lami ilipowekwa safari imekuwa fupi kuliko zile za zamani za kupasua matairi. Dereva akiondoka mapema, kijana wetu wa boda boda anaipokea stejini kabla ya saa tatu na kutuzungushia. Tunampa vikapu vyetu wenyewe vya majani ya mikoma, kazi ya mikono ya akina mama wa hapa hapa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na wasusi wa vikapu wa Lodwar walikuwa tayari miaka mingi kabla ya sheria hiyo. Kwangu Ijumaa inafaa sana: ni siku ya maandalio, na mboga ya Sabato inapikwa kabla jua halijatua.

Bustani ya mama huyo ni kipande nyuma ya nyumba ya bati. Amechimba vitalu vilivyo chini ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie, na kando yake amesimamisha magunia ya udongo yenye nguzo ya mawe katikati. Maji yakimwagwa juu yanashuka polepole kati ya mawe na kufikia kila shimo lililopandwa mche ubavuni. Maji hayo ni yale aliyooshea vyombo na nguo, akiyachuja majivu na mabaki. Nimeona miradi mingi yenye mabango makubwa kandokando ya barabara hii, lakini sijaona inayotumia tone la maji kwa heshima kama anavyolitumia yeye.

Ndengu na kunde kavu tunapata Katilu, kwa wakulima wanaomwagilia kwa maji ya mto Turkwel. Hizo hazina haraka. Gunia la ndengu linakaa chumbani miezi, halihitaji barafu wala dereva mwaminifu, na ndizo zinazonipa nguvu ya kusimama darasani. Vingine vyote, yaani kabichi, nyanya, viazi, karoti na ndizi, hutoka Kitale, takriban kilomita 300 kusini. Njia inapita Kainuk, na kukiwa na milio ya risasi huko, au laga, yaani mto wa msimu, ikijaa maji, soko letu linabaki na vitunguu vilivyonyauka. Ndiyo maana Lodwar ni mji wa kabichi. Kabichi inavumilia lori, na sisi tumeizoea kana kwamba ndiyo mboga pekee iliyoumbwa.

Sasa turudi kwenye kapu la Nairobi. Rafiki yangu muuguzi aliagiza moja kutoka kampuni fulani, likaletwa kwa basi la usiku. Karanga, siagi yake na maharagwe vilifika salama. Saladi ilikuwa imegeuka uji wa kijani ndani ya karatasi yake nzuri, na maziwa ya soya yalikuwa ya moto kama chai. Alikuwa amelipia usafiri zaidi kuliko chakula. Simlaumu mtu. Basi lilipita katika nchi ambayo joto la mchana mara nyingi hufika nyuzi 35, na hakuna aliyejenga mahali pa kuliweka kapu kabla ya mwenyewe kulifuata.

Wengi hudhani ubaya wa chakula kama hicho ni umbali. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa takwimu za mashamba takriban 38,000 katika nchi 119. Waligundua kwamba mzigo mkubwa wa chakula kwa hali ya hewa hutokea shambani na katika matumizi ya ardhi. Usafiri, ukiangalia dunia nzima, ni sehemu ndogo. Walionyesha pia kwamba vyakula vya mimea kwa jumla vina mzigo mwepesi kuliko nyama na maziwa. Utafiti huo umenitia moyo katika njia niliyoichagua. Lakini fungu la sukuma likioza Lodwar, maji yaliyolinywesha yameoza nalo, pamoja na mbolea, dizeli na jasho la mkulima wa Kitale. Nikipita sokoni jioni na kuona mbuzi wakila nyanya zilizopasuka nyuma ya vibanda, naona hasara ambayo kifungashio hakiwezi kuifuta. Hapa adui wa mazingira ni joto la mchana.

Dawa yake inajulikana na si ya gharama kubwa. Kuna vibanda vya makaa ambavyo wakulima wa sehemu nyingi za Kenya wamevitumia: kuta mbili za wavu zenye nafasi katikati, nafasi hiyo inajazwa makaa, makaa yanaloweshwa. Hewa kavu ikipita inayakausha makaa, na maji yanapogeuka mvuke yanachukua joto na kuacha ndani pakiwa baridi. Kibanda hicho hakifanyi kazi vizuri Mombasa, ambako hewa tayari imejaa unyevu. Kwetu, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 na nguo hukauka kabla hujamaliza kuanika, ni kana kwamba kilibuniwa kwa ajili yetu. Makaa yenyewe yasikatwe kwenye ewoi, mgunga wetu. Tuna mathenge, mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa na ambao sasa umeziba kingo za mito na njia za mifugo. Waturkana huuita etirae na wengi wanautamani ukatwe. Uchomwe huo.

Umeme ungesaidia zaidi, na hapa nina uchungu wa siku nyingi. Bwawa la Turkwel lilikamilika mwaka 1991, megawati 106, likiwa limeukinga mto wetu. Umeme ukapelekwa kwenye gridi ya taifa, na Lodwar ikaendelea kwa miaka mingi kutegemea jenereta za dizeli. Kalobeyei sasa kuna gridi ndogo za sola, zinawasha taa na friji za maduka. Jua tulilonalo ndilo linaloozesha mboga zetu. Hakuna sababu lisitumike kuzihifadhi.

Sasa neno la baba yangu. Wapo wanaopenda mazingira ambao wakifika huku huona mbuzi na kuona dhambi. Nawaomba wakae kidogo chini ya mti. Mbuzi wa Loima hali mahindi wala soya, na hakuna msitu uliofyekwa kwa ajili yake. Anakula vichaka na maganda ya ewoi katika ardhi ambayo jembe haliwezi kuizalisha chakula, na anayageuza kuwa maziwa. Wastani wa dunia katika utafiti ule hausemi habari zake. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, familia nyingi zilizika mifugo yao yote, na watoto wakadhoofika mara moja. Utapiamlo mkali Turkana mara kwa mara huvuka asilimia 15, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa dharura. Mwalimu anayeona mikono ya watoto hao hawezi kuhubiri dhidi ya kibuyu cha maziwa. Mimi ni mtu mzima, nina mshahara, na nanunua vidonge vya vitamini B12, maana mboga haina vitamini hiyo na asiyekula chochote cha mnyama lazima aitafute kwingine. Mtoto wa mfugaji hana duka la dawa karibu. Apewe maziwa yake.

Tena kwetu chakula cha mimea hakikuletwa na Wasabato. Mama yangu huchemsha edapal, punje chungu za mti wa porini, akimwaga maji na kuweka mengine tena na tena hadi uchungu utoke. Kazi ya siku nzima, kuni nyingi, na anayeionja mapema anajuta. Kuna eng'ol, tunda la mkoma, na matunda mengine ya porini, edome na ebei. Hivyo ndivyo vyakula ambavyo joto la Turkana haliviharibu. Nimeuliza kwenye kikundi chetu kama tuanze kuagiza eng'ol iliyosagwa kutoka kwa akina mama wa kando ya Turkwel, na mpishi wa hoteli alikubali kabla sijamaliza kuuliza.

Na Kakuma yenyewe ina sahani ambayo ningependa kila anayedhani chakula cha mimea ni anasa ya matajiri aketi mbele yake. Katika migahawa ya Waethiopia, Jumatano na Ijumaa, Wakristo wa Kiorthodoksi wanafunga nyama, maziwa na mayai, na pia kwa siku 55 kabla ya Pasaka yao. Siku hizo injera inatandazwa sinia nzima: shiro ya dengu imewekwa hapa, misir ya dengu nyekundu pale, gomen ya sukuma, kabichi na karoti, viazi rangi ya bizari. Wasomali, Waturkana na Wasudan Kusini wanakula pamoja na waliofunga, bila kujua wala kujali kwamba hakuna mafuta ya mnyama ndani. Mwenye mgahawa nilioupenda zaidi hunisalimia kwa kusema, "Mwalimu, kwako kila siku ni Ijumaa." Dengu zake zinatoka mbali. Sukuma anaipata kwa majirani wenye magunia ya udongo.

Biashara hii si ya kubahatisha. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kambi ya Kakuma na mji wake zilikuwa na maduka zaidi ya 2,000 na matumizi ya dola milioni 56 kwa mwaka. Wawekezaji walishangaa, ila akina mama wa vibanda hawakushangaa.

Lakini mama wa lengalenga hawezi kupanda Probox na kuleta kreti yake mwenyewe Lodwar atafute wateja wapya. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inamtambua na kumpa haki ya kufanya kazi, ila bado akitoka eneo alilopangiwa anahitaji kibali, na kibali kina foleni yake. Wakimbizi wengi hupokea pesa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la Mkenya, kwa sababu karatasi zao hukataliwa au huisha muda. Ina maana mfanyabiashara anamtegemea mtu mwingine hata kuiona pesa yake. Kila mazungumzo kuhusu chakula cha mtandaoni yanayopita kando ya jambo hili yananiudhi. Mtandao wa mama huyu unaishia kwenye kizuizi cha polisi.

Mwaka 2025 mambo yalizidi kuwa magumu. Fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wa kambini ulikatwa hadi asilimia 28 ya ule unaotakiwa, kisha kuanzia Agosti watu wakapangwa kwenye makundi kulingana na hali zao. Wateja wa mama wetu pale kambini walipungua, na siku hizi kreti ya Lodwar ndiyo inayolipa ada za watoto wake. Wenzake wanaotaka kujiunga ni wengi. Sisi tunaoagiza ni wachache, na hatuwezi kuwabeba wote kwa chakula chetu cha Ijumaa.

Wanunuzi wakubwa wapo. Shule za bweni za Lodwar hununua kabichi ya Kitale kila wiki. Hospitali ya rufaa inalisha wagonjwa. Mashirika yenye ofisi Kakuma yana kantini, na baadhi yake ndiyo yanayofundisha watu kulima vitalu kisha yanakula viazi vya Kitale. Zabuni zao zigawanywe vipande vidogo ambavyo vikundi vya akina mama wa kambini na wakulima wa Katilu wanaweza kuvitimiza, na malipo yafanywe kwa wiki, si baada ya miezi mitatu. Afisa wa manunuzi anayesema mboga za hapa haziaminiki anasema kweli: haziaminiki kwa sababu hakuna pa kuziweka kati ya alfajiri na jiko.

Bajeti ya kaunti hujadiliwa hadharani kabla ya Juni, na nitakwenda kusema haya kwenye kikao cha Lodwar, pamoja na wauguzi na mpishi wetu. Tunaomba vibanda vitatu vya makaa, kimoja stejini Kakuma, kimoja Katilu, kimoja stendi ya Lodwar. Makaa ya mathenge yapo, mafundi wa wavu wapo, na maji ya kuloweshea kuta ni madumu machache kwa siku. Kiwanja karibu na stendi ndicho tusichokuwa nacho, na hicho kiko mikononi mwa kaunti.